Ufunguo Ndani ya Kopo

Kila asubuhi Kudra ndiye aliyetangulia kuamka nyumbani kwa shangazi yake, pale Kibiti, jirani na barabara kuu ya kwenda kusini. Alichota maji, akafagia uwanja, akawasha jiko na kubandika chai. Asubuhi ya Jumamosi hiyo aliyafanya yote mbio mbio, na uwanja ukabaki na majani kila pembe. Shangazi yake, Mwanahalima, aliyaona yale majani akanyamaza. Alijua shule zimefungwa jana, na mtoto anarudi kwao.

Kwao Kudra ni Kiongoroni, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, karibu na bahari. Huko gari halifiki. Ukitaka kwenda unapanda boti, na boti inapita katikati ya mikoko mpaka ukadhani imepotea njia. Kudra alikuwa darasa la sita, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili kusoma Kibiti. Alikwishazoea taa za umeme na kelele za mabasi. Lakini desturi moja ya kwao hakuiacha, nayo ni kopo.

Hilo kopo sina budi nilieleze, maana bila hilo kisa hiki kisingekuwapo. Mtu wa delta hapandi boti bila kopo. Ni kopo la bati lenye kifuniko cha bati kinachobana sawasawa, na ndani yake hutiwa kila kitu kisichotakiwa kulowa: simu, kiberiti, kadi ya kliniki, barua. Boti ikipigwa na wimbi, wewe utalowa, lakini kopo litaelea na vitu vyako vitakuwa vikavu. Watoto hufundishwa jambo hili kabla ya kufundishwa kuogelea. Ukimwona mtoto wa Kiongoroni karibu na maji, kitu chochote cha maana kilicho mkononi mwake kitaingia koponi kabla hata hajafikiri.

Kopo la Kudra lilikuwa na kamba ya kuvaa begani. Ndani yake kulikuwa na ripoti yake ya shule, iliyosema amekuwa wa nne darasani.

"Chai umeinywa au umeiangalia tu?" Shangazi aliuliza.

"Nimekunywa, Shangazi."

"Haya, twende. Gari limefika."

Shangazi Mwanahalima alikuwa muuguzi wa kina mama wajawazito. Siku hiyo alikuwa akienda Nyamisati, kwenye bandari ndogo ya boti, kumpokea mama mmoja kutoka Kiongoroni aitwaye Mwanaidi. Uchungu ulimwanza tangu usiku, mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na wa nyumbani kwake walikuwa wamepiga simu alfajiri. Boti itakayomleta ndiyo itakayomrudisha Kudra kwao. Ndiyo maana mtoto alipewa nafasi garini.

Gari lenyewe lilikuwa jipya, jeupe, limeletwa mwezi uliopita kwa kazi ya kubeba kina mama na watoto wachanga. Kudra alilizunguka mara mbili. Dereva, Mudathiri, kijana wa Dar es Salaam aliyependa kung'arisha viatu hata siku za matope, alimtazama akatabasamu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Fungua mlango, upande."

Kudra alitafuta tundu la ufunguo asilione vizuri. Akavuta kishikio. Mlango haukufunguka.

"Umeona?" alisema Mudathiri. "Halikujui." Akasogea, mikono yake yote miwili ikiwa mitupu, akagusa kile kishikio kwa vidole viwili tu. Taa zikawaka mara moja, vioo vya pembeni vikajikunjua vyenyewe, na mlango ukalegea.

Kudra alishika mdomo. Alikuwa amewahi kuona mengi tangu aje Kibiti, lakini gari linalomtambua mwenyewe hakuwahi kuliona.

Mudathiri akatoa mfukoni kitu cheusi, kidogo, kinachoenea kiganjani. "Siri ni hii. Watu wengine wanaita rimoti, lakini ni ufunguo. Unaongea na gari. Mimi sisikii, wewe husikii, lakini gari linasikia. Na nikuonyeshe jingine." Akauweka ufunguo juu ya kiti, akabonyeza kufuli la ndani, akaufunga mlango. Gari likalia pii, pii, pii, na kufuli likaruka juu lenyewe. "Limekataa. Halikubali kumfungia mwenyewe nje. Ukiona limekubali kufungwa, basi jua ufunguo hauko ndani."

"Unaongeaje, mjomba, na hauna mdomo?"

"Hapo umeniweza," alisema Mudathiri huku akicheka. "Ila sikia, Kudra. Ufunguo huu usiuguse hata siku moja. Ukipotea, gari hili ni banda la kuku. Haliwaki."

"Sitaugusa."

Njia nzima Kudra hakuangalia mashamba ya mikorosho wala mbuzi waliovuka barabara. Alikiangalia kile kitu cheusi kilichokaa kimya mbele ya dereva. Kwamba kitu kinaweza kusema na mtu asisikie, lilikuwa jambo la ajabu mno kwake.

Walifika Nyamisati kabla ya saa tatu. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Boti ilikuwa bado, na kati ya nchi kavu na mahali boti inapofunga kulikuwa na tope zito ambalo mgonjwa asingeweza kulipita. Mudathiri alifunga gari, akavua viatu vyake vinavyong'aa, akakunja suruali. Koti lake la kazi, lenye ufunguo mfukoni, akalitundika juu ya nguzo iliyosimama majini, kisha akashuka pamoja na vijana wa bandarini kutandika mbao juu ya tope. Shangazi akaenda kuongea na wanawake wa hapo ili apate mkeka wa kumlazia Mwanaidi.

Pembeni, mwanamke mzima aitwaye Bi Subira alikuwa amekaa akisuka madema ya kuvulia samaki. Mjukuu wake, Hafsa, alikuwa rika la Kudra, na walifahamiana kwa safari hizi za kwenda na kurudi.

"Gari lenu zuri," Hafsa alisema.

"Uzuri si kitu. Gari hili linasikia."

"Linasikia nini?"

"Linasikia ufunguo, na ufunguo hausemi."

Hafsa akamtazama kwa jicho la kusema rafiki yangu Kibiti imekuharibu. "Muongo wewe."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuitwa muongo na wewe unasema kweli kunauma, na koti la Mudathiri lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Kudra aliangalia huku, akaangalia kule. Alikwenda kwenye ile nguzo, akatia mkono katika mfuko wa koti, akautoa ufunguo. Alijiambia ataurudisha sasa hivi.

Wakalikaribia gari polepole, Hafsa akiwa nyuma yake. Kudra akagusa kishikio kwa vidole viwili, kama alivyoona. Taa zikawaka. Vioo vikajikunjua. Mlango wa dereva ukafunguka mkononi mwake.

Hafsa alirudi nyuma hatua mbili. "Bibi asione haya," alinong'ona. "Atasema lina jini."

"Si jini. Linasikia."

"Linasikia mpaka wapi? Tukienda kule kwenye mbao, litasikia?"

Swali hilo lilikuwa zuri, na wote wawili walilitaka jibu. Wakaacha mlango wazi, wakaenda mpaka kwenye ubao wa mwisho, pale maji yanapogonga na kurusha matone. Tone moja lilimwangukia Kudra mkononi. Mkono wake wa pili, bila kumwuliza, ulifungua kopo, ukautia ufunguo ndani na kukibana kifuniko sawasawa. Alifanya kama mtoto yeyote wa Kiongoroni angefanya.

"Kudra," Shangazi aliita kutoka vibandani. "Njoo unishikie mkeka."

"Nakuja, Shangazi."

Alirudi mbio. Alipopita penye gari alilivua kopo begani na kuliweka juu ya kiti cha mbele, maana lingemsumbua kubeba mkeka. Alisema moyoni, nikirudi nitautoa ufunguo niurudishe mfukoni. Kisha akaenda.

Wakati anasaidiana na shangazi yake kukung'uta mkeka, Mudathiri alimaliza kutandika mbao. Alilichukua koti lake kwa ncha za vidole, kwa sababu mikono ilijaa tope. Akaukuta mlango uko wazi, akaguna. Hakutaka kukichafua kishikio cha gari jipya, kwa hiyo alibonyeza kufuli la ndani kwa kiwiko na kuufunga mlango kwa nyonga. Gari halikulia. Lilifungwa kimya kabisa. Mudathiri akaenda kunawa akiwa hana wasiwasi wowote.

Kelele za injini zilianza kusikika kwa mbali. Katika delta boti husikika mapema kuliko inavyoonekana, kwa kuwa mkondo unapinda na kupinda tena kabla ya kufika bandarini. Mudathiri akasema atawasha gari, lipoe, mgonjwa asiingie katika joto. Akagusa kishikio.

Hakuna taa iliyowaka. Akagusa tena. Akatia mkono mfukoni, mfuko wa kulia, wa kushoto, mifuko ya suruali, kisha akaligeuza koti ndani nje. Uso wake ulibadilika.

"Ufunguo sinao," alisema.

Shangazi aliweka mkeka chini. "Hukuuacha garini?"

"Haiwezekani, dada. Ungekuwa garini, lisingekubali kufungwa. Nililifunga mwenyewe, halikulia. Koti lilikuwa juu ya nguzo. Umeanguka majini."

Bandari nzima ikaingia kwenye tope. Vijana walipapasa chini ya nguzo, wengine wakaondoa mbao zilizokwisha kutandikwa, wengine wakapitisha nyavu. Maji yalikuwa yameanza kupwa, na kila dakika yalivuta takataka na majani kuelekea baharini. Mudathiri alizama mpaka kifuani na shati lake safi. Alipotoka alipiga simu Dar es Salaam. Ufunguo wa akiba ulikuwa ofisini, na ofisi imefungwa. Gari jingine la hospitali lilikuwa limekwenda Ruaruke, na lingefika pale si chini ya saa mbili.

Kudra alisimama penye gari. Kupitia kioo aliliona kopo lake juu ya kiti, limetulia. Ufunguo uko pale. Lakini kama uko pale, kwa nini gari limekubali kufungwa? Labda ulimponyoka wakati anautia. Labda kweli uko majini. Aliing'ang'ania ile labda, kwa sababu labda hiyo ilimruhusu kunyamaza.

Hafsa alimjia taratibu. "Usiseme," alimnong'oneza. "Hakuna aliyetuona. Na wewe umesikia mwenyewe, dereva amesema haumo garini."

"Lakini mimi niliuweka koponi."

"Sasa ukisema, utasema ulitia mkono mfukoni mwa mtu."

Hilo ndilo lililomfunga mdomo. Alimwona Mudathiri akiibuka tena kutoka majini, macho mekundu, akitema maji ya chumvi. Aliona aibu kiasi kwamba alitamani ardhi impokee. Bado hakusema. Dakika zilipita, kumi, kisha kumi nyingine.

Boti ikatokea kwenye kona ya mikoko. Nahodha Bashiru aliizima injini, ikaja taratibu mpaka kwenye mbao chache zilizobaki. Ndani yake Mwanaidi alilala juu ya magunia, amefunikwa khanga mbili. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa amechoka kupita hapo. Kudra alimfahamu, alikuwa jirani yao, ndiye aliyemfundisha kusuka ukili wa mikeka. Leo uso wake ulikuwa wa kijivu.

Shangazi Mwanahalima aliingia botini, akampima, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu. Aliponyanyua kichwa sauti yake ilikuwa ya chini.

"Huyu anatakiwa awe hospitalini Kibiti kabla ya adhuhuri. Anahitaji kupasuliwa. Hapa mimi sina la kumfanyia."

"Pikipiki je?" aliuliza Nahodha Bashiru.

"Pikipiki itamuua njiani."

Mwanaidi alifumbua macho. Akamwona Kudra amesimama juu ya ubao. "Mwanangu," alisema kwa shida, "umekua."

Kudra alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Mudathiri, aliyekuwa anatetemeka kwa baridi.

"Mjomba, ufunguo hauko majini. Niliuchukua mimi. Niliutoa mfukoni mwako nimwonyeshe Hafsa, nikautia koponi usilowe. Kopo liko garini, juu ya kiti. Nilijua tangu mwanzo, nikaogopa kusema."

Mudathiri alimtazama kama aliyesikia lugha ngeni.

"Haiwezekani," alisema. "Gari lingelia."

"Uko kwenye kopo, mjomba. Naapa."

Shangazi hakugomba. Alimwangalia Kudra mara moja tu, na mtazamo ule Kudra anaukumbuka hadi leo. Kisha akageuka. "Vunjeni kioo."

"Mgonjwa mtamlaza juu ya vigae?" Sauti ilitoka pembeni. Bi Subira alikuwa amesimama, mkononi ameshika ufito mwembamba, mrefu kuliko mtu, aliouchonga kwa ajili ya dema. "Nipeni dakika tano. Zikipita, vunjeni."

"Unaweza, mama?" aliuliza Mudathiri.

"Baba, miaka arobaini natoa samaki kwenye tundu lisilopita ngumi. Mlango wako una nini cha kunishinda?"

Alivuta uzi wa nyavu, akafunga kitanzi kwenye ncha ya ufito, akakilowesha kisimame wazi. Nahodha Bashiru alileta kabari mbili za mbao, zile za kuzibia mashua, akazivika kitambaa. Akazipenyeza juu ya mlango, moja baada ya nyingine, kwa ngumi tu, mpaka pembe ya mlango ikaachana na gari kwa upana wa kidole. Rangi haikuchubuka.

Bi Subira akasema bismillahi, akaupitisha ufito.

Ufito uliingia, ukapinda kwa uzito wake, ukashuka taratibu kuelekea kishikio cha ndani. Kitanzi kiligusa kishikio kikateleza. Mama yule hakubadilisha hata uso. Alirudisha ufito nyuma kidogo, akauzungusha katikati ya vidole viwili, na kitanzi kikageuka ndani ya gari kama kwamba kina macho. Kudra aliyekuwa ameshangazwa na gari tangu asubuhi, sasa alishangazwa na ile mikono. Ilikuwa na makovu na kucha zilizokatika, lakini ilijua mahali kitu kilipo bila kukigusa. Kitanzi kikakaa juu ya kishikio. Bi Subira akavuta mara moja, taratibu, kisha akavuta tena.

Mlango ukalia ka, ukafunguka.

Papo hapo gari likapiga ukelele. King'ora kililia mpaka kunguru wakaruka juu ya mikoko, taa zikawaka na kuzimika, na watoto wadogo wakakimbilia kwa mama zao. Mudathiri aliziba masikio, akamfanyia Kudra ishara.

Kudra alilichukua kopo lake. Vidole vilikuwa na jasho, kifuniko kikagoma, akakibandua kwa kucha mpaka kikatoka. Juu ya ripoti ya shule ufunguo ulilala mkavu kabisa. Mudathiri akaunyakua, akabonyeza. Kelele ikakatika. Alikaa nyuma ya usukani na tope lake lote, akabonyeza kitufe cha kuwashia, na injini ikaitika.

Walimbeba Mwanaidi kwa mkeka, wakamlaza kiti cha nyuma. Shangazi aliingia akapiga magoti kando yake.

"Kudra, ingia. Nataka mtu wa kumshika mkono."

"Na boti, Shangazi?"

"Boti itaondoka na maji. Nyingine ni Jumatatu."

Kudra aliingia. Kupitia kioo alimwona Hafsa amesimama karibu na bibi yake, kichwa ameinamisha, na Bi Subira tayari ameketi akiendelea na dema lake. Njia yote mpaka Kibiti Kudra alishika mkono wa Mwanaidi, na kila mkono ule ulipobana, yeye alihesabu zile dakika ishirini alizonyamaza.

Mwanaidi alipelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji. Kudra na Mudathiri walikaa nje, kwenye benchi la saruji. Adhana ya adhuhuri ilisikika, ikaisha. Baadaye Shangazi alitoka akivua kofia ya chumba cha upasuaji, na kabla hajasema neno walijua, kwa sababu alikuwa anafuta machozi huku anacheka.

"Mtoto wa kike. Analia kuliko king'ora cha gari lako, Mudathiri. Mama yuko salama, alhamdulillahi."

Kudra aliinama akalia. Alilia kwa furaha, halafu akalia kwa aibu, mpaka Shangazi akakaa karibu naye na kumwacha amalize.

"Mjomba Mudathiri, nisamehe," alisema alipoweza kusema.

Mudathiri alikohoa. Matope yalikuwa yamekauka shingoni mwake. "Nimekusamehe. Lakini nipe hilo kopo. Kuna kitu kinaniwasha tangu asubuhi."

Walikwenda watatu mpaka kwenye gari. Mudathiri akaliacha wazi, akauweka ufunguo juu ya kiti, akabonyeza kufuli na kuufunga mlango. Pii, pii, pii, gari likakataa. Akauchukua, akalifunga gari, kisha akautia koponi, akakibana kifuniko, akalishika kopo mkononi karibu na mlango na kukigusa kishikio. Kimya. Akakifungua kifuniko. Akagusa tena, na taa zikawaka, vioo vikajikunjua.

Alirudia mara tatu. Kila mara alitikisa kichwa.

"Bati," alisema polepole. "Bati linazuia ile sauti yake isitoke. Mwezi mzima huu nawaambia watu gari haliwezi kufungwa na ufunguo ndani. Niliwaambia kwa kujiamini kabisa, nikawapeleka watu topeni. Kumbe gari halikudanganya. Halikusikia tu."

Kudra alilitazama kopo lake la siku zote, lile la kuwekea ripoti na kiberiti. Alikuwa ametembea nalo miaka yote bila kujua kwamba linaweza kuzuia maneno yasiyosikika. Aliligeuza huku na huku. Alijiona mdogo sana mbele ya dunia iliyojaa mambo mengi hivi, na hakuchukia kuwa mdogo.

"Mjomba, kwa nini bati linazuia na kioo hakizuii?"

"Muulize mwalimu wako wa sayansi. Akikujibu, uje unieleze na mimi."

Shangazi Mwanahalima alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani. "Kudra, nisikilize," alisema. "Kutaka kujua si kosa. Ungeniomba, mimi ningemwomba Mudathiri, na angekuonyesha kama anavyokuonyesha sasa. Kuuchukua bila ruhusa ni kosa, nalo umelitubia. Kuutia koponi usilowe ni malezi ya nyumbani, hilo sikulaumu. Linaloniuma ni zile dakika ishirini. Watu wote wale walikuwa wanatafuta kitu, na wewe unajua kilipo. Mudathiri alikuwa mbele yako anakunywa maji ya chumvi. Mwanaidi alikuwa njiani. Ufunguo ulifanya nini ndani ya kopo?"

"Uliongea, lakini haukusikika."

"Na wewe hivyo hivyo. Ulikuwa na ukweli, ukaubania ndani. Ukweli wa namna hiyo haumfai mtu yeyote, hata uwe mkavu na salama namna gani. Siku nyingine ukikosea, na utakosea, maana sote tunakosea, fungua kifuniko mapema. Utaumia kidogo. Lakini watu watasikia, na wataweza kusaidia."

"Nimeelewa, Shangazi."

Mudathiri aliufuta ufunguo kwa pindo la shati lililokuwa chafu zaidi ya ufunguo wenyewe. Alifikiri kidogo, akaunyoosha mkono.

"Jumatatu nakupeleka kwenye boti," alisema. "Sasa nishikie huu. Nakwenda kuoga."

Kudra aliutazama ufunguo, akamtazama shangazi yake. Shangazi aliitikia kwa kichwa. Akaupokea kwa mikono miwili. Kopo lilikuwa begani mwake, wazi, lakini hakuutia humo. Aliubeba kiganjani, mbele ya macho ya watu wote waliokuwa uwanjani, mpaka mwenyewe aliporudi.